Uzito wa Jiwe la Mama Ndunge

Jumatatu, 6 Oktoba

Pete tatu kabla ya chai. Mbili za kupanua, moja ya kung'arisha. Halafu mwalimu mmoja na hereni za nyanya yake, mawe mekundu yenye umbo la yai. Anataka kujua uzito bila kuyang'oa. Wote hutaka hivyo. Jiwe likiwa limeshikwa na dhahabu haliwezi kupanda mizani peke yake, kwa hivyo nalipima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili: urefu mara upana, mara kina, mara namba ya aina ya jiwe. Jibu ni la kukisia. Huwa nasema mapema kuwa ni la kukisia. Neno hilo hakuna anayelisikia.

Baada ya adhuhuri kaja Mama Ndunge kutoka upande wa Kabati, mkono kaufunga leso. Nyuki walimshambulia jana kwenye mizinga yao. Kidole cha pete kimevimba, kimekuwa rangi ya zambarau, nyama imeimeza pete. Zahanati wamemwambia aende kwa sonara. Kabla hata hajakaa ameniambia jiwe ni la almasi. Mumewe alimvisha kanisani walipotimiza miaka thelathini ya ndoa.

Marehemu baba alinifundisha: pima kwanza mbele ya mwenyewe, hata kama analia. Nikaweka kalipa juu ya jiwe nikamwambia asome. Akasoma machozi yakimtoka. Milimita sita nukta tano. Kina sikuweza kukifikia kwa ule uvimbe, nikachukua asilimia sitini ya upana, maana almasi nyingi za duara hukatwa hivyo. Nikamwambia ni kama karati moja.

"Moja, ndiyo," akasema. "Ndivyo walivyotangaza kanisani."

Nikakata pete. Ameniachia niiunge na kuipanua. Kabla ya kutoka ameniombea kwa sauti, dukani, kwa jina la Yesu. Nimeitika amina. Sina ugomvi na dua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefungua makucha ya pete ya Mama Ndunge na kutoa jiwe, nisije nikalichoma wakati wa kuunga. Nikaliweka kwenye mizani ndogo kwa mazoea tu.

Karati moja nukta sita sita.

Nimefuta mizani. Nimepima tena. Ile ile. Nikachukua kalipa: upana sita nukta tano, kina tatu nukta tisa. Ukubwa ni ule ule niliokisia. Uzito ndio umekataa.

Almasi ya ukubwa huo haiwezi kuwa nzito hivyo. Jiwe jeupe linalong'aa namna ile, na zito kiasi kile kwa umbo dogo, ninalolijua ni moja, nalo hutoka kiwandani. Zirkonia. Si jiwe baya. Linauzwa wazi na watu wanalivaa. Lakini si almasi.

Kifaa changu cha kujaribu almasi kilikufa zamani, sikununua kingine. Sikihitaji kwa hili.

Basi mumewe, Mzee Kyalo, ama alidanganywa ama anajua. Mkewe hajui. Nimekaa na hilo jiwe kwenye kiganja mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama Ndunge kapiga simu. Uvimbe unashuka. Kaniuliza jiwe liko salama? Nimesema liko salama. Kauliza uzito, sasa kwa kuwa limetoka. Nimemwambia moja nukta sita sita.

"Sawa, Mama Nuru. Wewe ndiye unajua hayo."

Nimetaja namba tu. Maana yake sikusema. Niliogopa. Nilijiambia si kazi ya sonara kuingia kati ya mtu na mumewe. Huenda ni kweli. Lakini nilichokuwa nacho ni woga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ndunge amekuja. Ndiye mtoto wao wa kwanza, anafanya kazi ya uhasibu mjini Wote. Mtu nadhifu, ana adabu. Alinisalimia vizuri. Akaniomba nimwonyeshe jiwe. Nikamwonyesha. Akaniomba nipime mbele yake, upana na uzito. Nikapima.

Akatoa simu. "Nimeangalia mtandaoni, Mama Nuru. Almasi ya upana huu inafaa kuwa karati moja hivi. Na siku ile ulimwambia mwaitu, mama yangu, ni moja. Sasa ni moja nukta sita. Hii si almasi."

Nikasema ni kweli, si almasi.

"Basi yetu iko wapi?"

Nikamwambia hili ndilo lililokuja. Mama yake alisoma upana mwenyewe, na upana haujabadilika hata chembe.

"Ya bandia inauzwa kwa ukubwa wowote. Mtu akitaka kubadilisha atatafuta ya saizi hiyo hiyo."

Hesabu yake haina kosa. Ningekuwa yeye ningefika pale pale.

Akauliza kwa nini sikumwambia mama yake siku ya Alhamisi. Hakupaza sauti. Alisema atanipa muda nifikirie. Ameondoka na ile pete iliyokatwa, akaliacha jiwe. "Hilo si letu," alisema.

Jumatatu, 13 Oktoba

Habari ya pete imo kwenye simu za watu. Nuru, binti yangu, ndiye kanionyesha. Kundi la akina mama wa Kitui. Hawajanitaja jina. Wameandika tu sonara mwanamke karibu na stendi kabadilisha almasi ya mteja. Tuko wangapi?

Mwalimu wa hereni amekuja kuzichukua. Bado sijamalizia ndoano moja. Kasema si neno, atazichukua hivyo hivyo. Amezigeuza-geuza mchana kweupe pale mlangoni, kayaangalia mawe moja moja. Kisha kaona nimemwona, kaona haya.

Jumatano, 15 Oktoba

Wanne leo. Mmoja alikuwa ameacha bangili ya fedha isiyo na jiwe hata moja. Naye kaja kuichukua.

Desemba harusi zinakuja. Kwa kawaida wakati huu meza imejaa. Leo nimefagia duka mara mbili kwa kukosa kazi.

Baba Nuru kapiga simu kutoka Mtito, lori limeharibika. Nimemweleza. Kaniuliza, "Na wewe una hakika hukulichanganya na jingine?" Mume wangu. Nimekata simu. Baadaye katuma ujumbe wa pole. Sijaujibu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefunga duka nikaenda Emali. Safari ndefu. Yuko pale Mutiso, dalali wa mawe ya kijani, alifanya kazi na baba. Hana duka, ana meza nyuma ya kibanda cha vipuri na kifaa kizima cha kujaribu almasi. Kagusa jiwe, kifaa hakikulia; kwa almasi hulia. Kama nilivyojua.

Kisha kachukua lenzi, kakaa nalo sana.

"Kingo zimelika," kasema. "Ona hapa, na hapa. Almasi hailiki hivi. Hili limesonga ugali na kufua nguo miaka. Hili ndilo lililokuwa kidoleni."

Nikafurahi. Nikamwambia basi niandikie hayo. Kakataa kwa kichwa.

"Naweza kuandika. Watasema dalali wa Emali amenunuliwa soda. Hata mimi ningesema. Kalipa inakwambia jiwe ni kubwa kiasi gani, mizani inakwambia ni aina gani. Hakuna kitu hapa mezani kinachosema nani aliliweka. Hiyo anajua aliyenunua."

Nilitaka anipe kitu cha kubeba. Nimerudi mikono mitupu. Nimechukia safari nzima. Nimemchukia hata Mutiso, ambaye alikataa kupokea chochote na akaninunulia maji.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mzee Kyalo amekuja. Peke yake. Ni mwembamba, mrefu, mzee wa kanisa kule Kabati, ana duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani. Aliketi kwenye kiti cha wateja akaweka kofia magotini.

"Mama Nuru, niko na shida."

Nikamwambia na mimi ninayo.

Akanieleza bila kuzunguka. Alinunua Nairobi. Muuzaji alimwambia wazi kwamba si almasi, na hata yeye hakutaka almasi, alitaka kitu kinachong'aa. Alimpenda mkewe, alitaka ang'ae. Siku ya sherehe kijana aliyeshika kipaza sauti akatangaza, "Almasi ya karati moja!" Watu wakapiga vigelegele. Mkewe akamgeukia na uso ambao hajawahi kuuona. Yeye akakaa kimya. Alidhani angemwambia usiku ule. Kisha kesho yake. Kisha wanawake wa kanisa wakaanza kuja nyumbani kuishika.

"Ikakuwa ngumu zaidi kila mwaka," alisema.

Nilimwonea huruma. Kweli nilimwonea. Halafu akasema lililomleta. Anataka nitafute almasi ya kweli, upana ule ule. Atauza ng'ombe. Niiweke kwenye pete, nimpe Mama Ndunge, na hakuna mtu atauliza tena.

"Watasema nini?" nikamuuliza.

Akajifanya hajaelewa.

"Watasema sonara amerudisha. Nikiweka almasi, nitakuwa nimerudisha kitu nisichochukua."

Akatazama kofia yake. Nikamwambia sitaki. Nikamwambia pia kwamba mimi sitamwambia mkewe, atamwambia yeye. Akainuka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mlangoni akashika ukuta kidogo kabla ya kushuka ngazi, kama mtu mwenye kizunguzungu. Nusura nimwite. Sikumwita.

Jumapili, 19 Oktoba

Baba Nuru amerudi. Nimempa chakula, nimemweleza yote. Yeye anaona nilipaswa kukubali. Kazi ingekuwepo, jiwe la kweli lingekuwepo, mama wa watu angefurahi. Baada ya miezi mitatu wangesahau.

Nikamwambia wangesahau jiwe. Mwizi hawamsahau.

"Unapenda kuwa na haki kuliko kula," amesema.

Tumelala tumepeana migongo. Inawezekana ana haki. Sijui. Najua tu kwamba baba alikaa kwenye kiti kile maisha yake yote, na watu wa dini zote walimwachia dhahabu ya mama zao bila kuomba karatasi.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana sikukuu ya Mashujaa, nilifunga. Leo nimefungua. Hakuna aliyeingia ila muuza ndengu.

Hakuna neno kutoka Kabati. Nimeshika simu mara nyingi kutaka kumpigia Mama Ndunge. Nilimwahidi mumewe sitasema. Kwa nini niliahidi? Hakuniomba. Nilijifunga mwenyewe kwa kiburi cha kuonekana mwema.

Joto kali. Mawingu yanakuja mchana, yanatuchungulia na kwenda zao.

Jumatano, 22 Oktoba

Mwenye nyumba kapita. Kasema hana neno, kasikia tu, anauliza kama nitaendelea na duka mwaka ujao. Nimesema nitaendelea. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Nimeamua. Wiki hii ikiisha bila neno, naenda Kabati mwenyewe, ahadi au si ahadi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilimkuta Mzee Kyalo amesimama nje kabla sijafungua. Siku ya soko, mji umejaa. Suti ya kanisani, ile kofia. Alinisaidia kuinua chuma cha mlango.

"Nimemwambia," alisema. "Jumanne usiku. Hajanisemesha tangu hapo. Anapika, anaweka mezani, anatoka nje."

Nikamwambia pole.

"Kuna watu hawajachukua vitu vyao?"

Nikasema wapo kama watano.

"Watakuja leo?"

Siku ya soko, nikasema, pengine.

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Nilidhani anapumzika. Nikawasha moto mdogo nikaanza kuunga mkufu wa Nuru, maana sikuwa na kingine. Mama wa kwanza aliingia, Mama Syombua wa duka la nguo, amekuja kuchukua hereni zake. Kabla sijafungua droo Mzee Kyalo kasimama, kavua kofia, kaanza kusema naye Kikamba. Nakijua vizuri, nimezaliwa hapa. Alisema: mimi ndiye mume wa yule mwanamke wa pete. Jiwe ni langu, nililinunua likiwa hivyo, nilijua, nikanyamaza. Mama huyu hajabadilisha kitu.

Mama Syombua alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alisema, "Ndiyo hivyo?" Akachukua hereni zake hata hivyo, akaondoka.

Mzee akaketi. Nikampa chai.

Aliyefuata naye akaambiwa. Na aliyefuata. Huyu wa tatu akasema, "Basi wacha pete yangu ikae," na akaiacha. Kijana wa boda boda aliyeingia kuuliza betri ya saa, naye akaambiwa, ingawa hakujua lolote. Mzee alisimama kila mara. Kila mara alivua kofia. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wanaingia kumwangalia tu, wanajifanya wanauliza bei. Wawili walikuwa wa kanisa lake. Hao ndio walikuwa wagumu. Mmoja alicheka. Yeye akamalizia maneno yake mpaka mwisho, akaketi.

Nilimwambia inatosha, Mzee, nenda nyumbani. Kasema soko halijaisha.

Nilikuwa nimemkasirikia siku zote hizi. Leo nilishindwa kuipata ile hasira. Niliitafuta.

Jumamosi, 25 Oktoba

Ndunge kanipigia. Kaomba msamaha, maneno machache, sauti kavu. Kasema ameandika kwenye lile kundi. Nuru kanionyesha. Ameandika sawasawa, hakujitetea, na hakumtaja baba yake kwa ubaya.

Nikamwambia hesabu yake ilikuwa sahihi. Akasema, "Sijui nimwangalie baba vipi."

Nimemwambia alete pete niiunge.

Baba Nuru kasoma ujumbe kwenye simu ya Nuru. Ameenda kununua nyama.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Ya kwanza. Paa linavuja palepale kwenye kona ya jiko, nimeweka sufuria.

Vitu viwili vipya mezani. Mwalimu amerudisha hereni ili nimalizie ndoano. Hakusema kwa nini, mimi sikuuliza. Mama Syombua yeye hapiti tena upande huu. Nadhani anaona haya, au bado haamini. Siwezi kumfuata barabarani.

Pete ya Mama Ndunge imekwisha. Nimeipanua kidogo na kulirudisha jiwe lile lile.

Jumatano, 5 Novemba

Mama Ndunge amekuja kuchukua pete. Kidole kimerudi, ila ngozi imebaki nyeusi pale penye alama. Amevaa gauni la kazi, matope miguuni. Wamepanda mbaazi jana.

Nilimwekea pete kwenye kitambaa. Hakuishika mara moja. Nikamuuliza kama anataka nipime mbele yake. Akasema hapana.

Tulikaa. Akaniambia hajakasirikia jiwe. Hata lingekuwa la chupa. Anachoshindwa kumeza ni kwamba mumewe alimwacha mwanamke mwingine aitwe mwizi, na yeye anakunywa chai nyumbani. Nikamwambia alikuja, mwishowe alikuja. "Ndiyo," akasema. "Alikuja. Hiyo nayo nimeiweka kwenye hesabu."

Akaiinua pete akaipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Sasa hii ni ngapi, Mama Nuru? Ile namba."

"Moja nukta sita sita."

"Na walisema moja."

"Walisema moja."

Akatabasamu upande mmoja. "Basi hata hivyo walinipunja."

Tukacheka, si sana. Hakuivaa. Aliifunga kwenye kona ya leso, akalikaza fundo kwa meno, akaniuliza mbegu za kunde mwaka huu zinapatikana wapi. Nikamwelekeza. Ametoka kwa haraka kabla mvua haijarudi.